Tulivyomtafuta Mzee Guyo kwa Simu za Watu

Vijana wangu, mkinikuta nje ya duka la Hamdi hapa Garissa, nimeshika simu mbili na miwani imenishukia puani, msiseme mzee naye ameingia kwenye michezo ya simu. Niko kazini. Nilistaafu kazi ya habari, nikarudi nyumbani, nikanunua mbuzi wachache nipate cha kufanya, na habari zikanifuata hukohuko.

Hamdi ni binti wa dada yangu. Mimi ni abti wake, yaani mjomba, na kwa desturi yetu mjomba naye humwita mpwa wake abti, kwa hiyo mkisikia tunaitana jina moja msichanganyikiwe. Ana kundi kubwa kwenye simu. Ndani yake mna wachungaji, madereva wa malori, akina mama wauza maziwa ya ngamia, walimu, wanafunzi wa chuo kikuu. Kila mmoja hutuma anachokiona alipo: bwawa gani bado lina maji, barabara imekatika wapi, mbuzi wamefika bei gani soko la Jumatano. Hakuna aliyeajiriwa. Hamdi huyakusanya hayo, huyapima, huyatoa yakiwa taarifa moja kila asubuhi, na wako wafanyabiashara na mashirika wanaoilipia. Duka lake lina kiti kimoja na feni, lakini lina macho kutoka hapa hadi mpakani.

Sisi wa redio tulikuwa na macho yetu tu, na miguu.

Kinasa sauti changu cha kwanza kilikuwa kizito kama jiwe la kusagia. Ukanda wake ulinikata bega hadi leo kuna alama. Betri zikichoka tulizianika juani juu ya bati, zikapata nguvu ya dakika chache, na katika dakika hizo ulimwomba mtu aseme jambo la maana na aache utangulizi. Nikiwa Mandera, kanda yangu ilisafiri kwa ndege ya miraa. Ndege ilileta mirungi kutoka Nairobi, ikarudi tupu, na mimi nilisimama kando ya uwanja na bahasha yangu nikimwomba rubani aibebe. Kama rubani ameamka vibaya siku hiyo, habari ya Mandera ililala Mandera.

Kule Bura ya Fafi niliwahi kumrekodi mzee wa serikali akieleza mambo ya kisima kipya. Nikaiweka kanda juu ya mkeka nikanywa chai. Mbuzi akaja taratibu, akauvuta ule utepe mweusi, akautafuna kama majani ya mvua. Nilipogeuka alikuwa amebakiza kipande kinaning'inia mdomoni. Ikabidi yule mzee arudie hotuba yote. Mara ya pili ilikuwa ndefu zaidi, na sifa zake mwenyewe zilikuwa zimeongezeka.

Aliyenifundisha kazi hiyo ni Mzee Guyo. Alikuwa Mborana wa Wajir, mwembamba, mwenye suruali iliyopigwa pasi hata siku ya vumbi. Alisoma habari redioni kwa Kiborana na Kisomali, na kwa Kiswahili akiwa na wageni. Sauti yake ilikuwa nzito na ya polepole. Wachungaji walizima mazungumzo yao ili wamsikie, kwa sababu alikuwa akisoma mvua imenyesha wapi, ng'ombe wanauzwaje, nani amefariki na nani anatafutwa na watu wake. Mtu alihamisha mifugo yake kwa kuisikia sauti ile. Kwa hiyo Guyo hakusoma kitu kabla hajauliza: huyu aliyeleta habari ameona mwenyewe au ameambiwa? Ukijibu, "Watu wanasema," alikurudisha nje.

Hata yeye alijifunza kwa kukosea. Mwanzoni mwa kazi yake ililetwa habari ya ngamia aliyeokotwa, hana mwenyewe. Guyo akasoma kila kitu: rangi, umri, alama iliyochomwa kwenye paja, sikio lililokatwa. Kesho yake ofisi ilijaa wanaume, kila mmoja anaapa ngamia ni wake, na kila mmoja anaijua ile alama vizuri kabisa. Walikaa pale mpaka chai ya ofisi ikaisha. Alinisimulia jambo hilo huku akicheka, lakini alitaka nilishike. Ukitangaza kitu kilichopotea, alisema, bakiza jambo moja kifuani mwako. Atakayelitaja bila kuulizwa, huyo msikilize.

Sitawaficha kwamba mabadiliko yaliniuma. Siku moja maduka yalishika moto sokoni nikakimbia na kinasa sauti changu, kidogo zaidi wakati huo. Nilipofika, vijana walikuwa wameinua simu juu, mbele yangu kama ukuta. Nikampigia mhariri wangu Nairobi nimwambie niko hapa. Akaniambia kwa upole kwamba moto anao mezani, ameshautazama kutoka pande tatu, ila nikipata idadi ya maduka nimtumie. Nilisimama pale moshi ukiniingia machoni nikaona kwamba kazi yangu imegawanywa kwa kila mtu, na mimi nimebakiziwa kipande. Haukupita muda mrefu nikastaafu. Guyo alikuwa amestaafu zamani, anaishi na binti yake Dahabo hapahapa mjini.

Kisha akili yake ikaanza kumtoka. Ilianza na majina. Baadaye ikawa siku, na mwisho ikawa nyumba. Nilikuwa nikienda kumtembelea tunakaa, ananiuliza mimi ni mtoto wa nani. Nilimweleza kila mara, na kila mara alifurahi kumfahamu baba yangu upya.

Asubuhi moja wakati wa kiangazi Dahabo alikuja dukani kwa Hamdi bila hata kufunga vizuri shungi lake. Baba yake alikuwa ametoka kwenda kuswali alfajiri na hakurudi. Walikuwa wamezunguka msikitini, hospitalini na kituo cha polisi. Jua la siku zile mnalijua. Mzee kama yule asingelihimili bila maji.

Mimi nilitaka kuondoka nianze kuuliza mlango kwa mlango, kama nilivyozoea. Hamdi alinivutia kiti, akamwomba Dahabo picha, akaanza kuandika. Kofia nyeupe, kikoi cha bluu, fimbo, na viatu vya akala, vya matairi, ambavyo Guyo, tangu augue, havai bali hutembea navyo kwapani. Nikamwambia ayatoe hayo ya viatu. Aliniangalia kwa mshangao. Nikamsimulia kisa cha ngamia, kifupi, naye akafuta mstari ule palepale.

Ujumbe ukaenda. Hatujamaliza chai majibu yakaanza kumiminika, na sijawahi kuona kitu kama kile. Guyo ameonekana Bura. Guyo yuko Wajir anapanda basi. Guyo yuko Eastleigh, Nairobi, anakula mkate. Mtu mmoja alituma picha ya mzee mwenye ndevu nyekundu za hina, ambaye kwa uso wake hakupenda kupigwa picha. Guyo hajawahi kufuga ndevu. Kwa kila jibu jipya Dahabo alisimama, na kila lilipoanguka alikaa tena, na kule kusimama na kukaa kulinichoma moyo.

Nilikasirika. Nilimwambia Hamdi kwamba hii ndiyo sababu zamani habari iliachiwa watu waliosomea habari. Watu hawa wanatupotezea muda, na mzee anakauka huko porini.

Hamdi hakupandisha sauti. "Abti, hawa hawatudanganyi. Wametoka juani wakatazama kwa ajili yetu. Kuchuja ni kazi yetu sisi."

Nikachukua simu ya pili. Tukagawana. Yeye alisoma, mimi nilipiga. Niliwauliza wote jambo moja tu, waniambie walichokiona, nikawaacha waseme. Wengi walikuwa wameona kofia nyeupe, na Garissa nzima ina kofia nyeupe. Nilikuwa nimeanza kuchoka nilipompata dereva wa tuk-tuk mwenye sauti ya kukwaruza. Alisema amembeba mzee mpaka wanakopakia malori ya njia ya Modogashe. Mzee alitaka kwenda kazini Wajir, na alikataa kuvaa viatu vyake, akavikumbatia njia nzima.

Nikamwomba arudie mara ya pili, kwa utamu wake tu.

Sasa tulijua upande. Lakini malori yalikuwa yameondoka, na njia ile ina sehemu ndefu ambazo simu haishiki. Dereva mmoja alipopatikana jioni alisema ndiyo, alimchukua mzee wa namna hiyo, lakini waliposimama kuswali mzee alishuka na hakurudi. Walimwita, wakadhani amefika kwao. Jua likazama tukiwa na habari hiyo mkononi. Usiku ule Dahabo hakula.

Asubuhi Hamdi alikuja na wazo ambalo mimi nisingelipata hata ningekaa mwaka. Alisema watu wanaoweza kumwona Guyo sasa ni wachungaji wa kule ndani, na wengi wao wana simu za kawaida tu, zisizopokea picha. Tena picha yenyewe ni ya mzee aliyekonda, hakuna anayeijua sura ile. Akaniuliza kama ninayo sauti yake.

Ninayo kanda moja. Niliichukua ofisini siku ya mwisho wakati vitu vya zamani vilipokuwa vikitupwa. Mashine ya kuichezea ndiyo iliyokosekana. Tulizunguka mtaa mzima mpaka tukampata jirani mwenye gari kuukuu ambalo redio yake bado inameza kaseti. Tukaketi ndani yake, mimi mbele, Hamdi akaisogeza simu karibu na spika. Ikakwaruza. Halafu Guyo akakohoa, kama alivyokohoa kila mara kabla ya kusoma, akaanza kutaja mahali mvua ilikonyesha.

Vijana wangu, nilikuwa nimesahau. Kwa miaka kadhaa nilikuwa nikimsikia mzee anayeniuliza mimi ni nani, na yule mwingine, mwenye sauti iliyonyamazisha kambi nzima, alikuwa amefunikwa. Nilitazama nje ya dirisha mpaka kanda ikaisha.

Hamdi aliituma sauti ile kundini na ombi moja: mwenye simu kubwa ampigie jamaa yake wa porini mwenye simu ndogo, amsikilizishe, amwambie huyu ndiye tunayemtafuta. Redio ndogo ya hapa mjini nayo ikaicheza kati ya matangazo. Majibu ya safari hii hayakufanana na ya jana. Yalikuwa ya wazee. Mmoja aliuliza tu kama kweli Guyo bado yu hai, akakata simu akilia. Mwingine alisema aliposikia kikohozi kile aliketi chini.

Kisha akapiga kijana kutoka kisima kilicho ndani, mbali na barabara ya Modogashe, akampa mama yake simu. Mama yule alizungumza Kiswahili cha kwetu, chenye b mahali pa p na f mahali pa v, na mimi sijawahi kusikia Kiswahili kizuri kama hicho.

"Huyo mzee amebita hapa jana. Amenisalimia, mimi nikasema moyoni, huyu mtu ni redio. Fiatu yake amebeba kwa kwapa."

Alikuwa amempa maziwa. Mzee alishukuru, akaondoka kufuata mkondo mkavu wa mto. Mama hakutaka kusubiri tufike. Alikwisha kuwatuma wanawe wafuate nyayo.

Nililoliona baada ya hapo ndilo lililonibadilisha. Kundi zima la Hamdi lililokuwa upande ule lilisimama. Kijana wa bodaboda aliacha abiria wake, wachunga ngamia wakatawanyika kwenye vichaka, mwalimu akapanda juu ya tangi la maji la shule akaangaza huku na huku. Kila mmoja aliripoti alipo. Nyayo ziko hapa. Hapa hakuna. Hapa alikaa, kuna alama ya fimbo. Mimi na Dahabo tulikuwa kwenye gari njiani, Hamdi akituelekeza kwa simu kila tulipopata mtandao. Hakuna hata mmoja kati ya watu wale aliyekuwa mwandishi wa habari, na kila walichosema kilikuwa cha kuona kwa macho.

Walimpata kabla hatujafika. Alikuwa amejikunja chini ya mti wa mswaki, midomo imepasuka, yu hai. Tulipofika alikuwa amezungukwa na wachungaji wanaomnywesha maji kidogo kidogo. Dahabo alimwangukia. Mimi nilimshika mkono nikamsalimia, naye akaniitikia kwa adabu kama mgeni. Halafu aliwageukia wale wachungaji akawauliza mvua imenyesha wapi. Wakamjibu mmoja mmoja, kwa heshima, kila mtu na eneo lake, ingawa mvua haikuwa imenyesha popote kwa muda mrefu na kila mmoja alilazimika kusema hapana. Alitikisa kichwa kwa kila jibu. Alikuwa akiyahifadhi majibu yao.

Tukirudi, gari likiwa la yule jirani, kanda ilikuwa bado ndani, nayo ikaanza kucheza yenyewe tulipopita kwenye shimo. Mzee alisikiliza kwa makini.

"Huyu ni nani? Anasoma vizuri," alisema. "Ila mwambieni asiharakishe."

Nikamwahidi kwamba nitamwambia.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikikaa dukani kwa Hamdi. Simfundishi kazi. Nimechukua sehemu ya kupiga simu, kwa sababu watu wazima huniamini na mimi nina subira ya kusikiliza mpaka mwisho. Nimejifunza kutoka kwake kwamba jibu la uongo na jibu lililokosea si ndugu. Bado nina malalamiko yangu, msidhani nimeokoka. Watu wanaotutumia habari bora kabisa hawajulikani majina na yeyote anayezilipia. Mwandishi aliyekosea zamani alijulikana, akaitwa, akasimama mbele ya mhariri akajieleza. Siku hizi uongo ukipita hakuna mlango wa kuugongea. Nimemwambia Hamdi kwamba taarifa yake ya asubuhi itaje waliosaidia, na sasa inawataja, na niliona mchungaji mmoja amekuja kutoka mbali kwa miguu ili tu aonyeshwe jina lake.

Mzee Guyo alifariki miezi kadhaa baadaye, kitandani kwake, mkono wake ukiwa mkononi mwa Dahabo. Tulimzika hapa Garissa.

Lakini ujumbe ule wa kwanza, wenye picha yake, haukufariki. Hamdi alikuwa ameandika kwa herufi kubwa kwamba amepatikana, lakini wa kwanza ulikuwa umekimbia mbele na wa pili haukuufikia. Katika redio, taarifa ikisomwa imekwisha. Hii iliendelea kutembea mkono kwa mkono, mahali tusipojua. Mara kwa mara simu ililia, mtu mwema akatuambia amemwona Guyo, na mimi nikamweleza na kumshukuru.

Juzi simu imelia kutoka Lafey, huko karibu na mpaka. Kijana mwenye duka alisema mzee tunayemtafuta amekaa kwenye benchi lake tangu asubuhi na hajui anakotoka. Nilimwuliza habari za viatu. Alisema amevivaa, vyeusi, vya ngozi. Nikafungua mdomo nimwambie kwamba mzee wetu tumemzika.

Hamdi alinigusa mkono. "Abti, muulize huyo ni wa nani."

Nikamuuliza. Kijana hakujua. Nikamwomba amsogeze mzee kivulini, ampe maji, ampe simu. Mzee hakukumbuka jina lake wala la mji. Kitu pekee alichokuwa akikirudia kilikuwa jina la ngamia, ngamia jike, na alilitaja kwa upendo kama mtu anayemwita mtoto. Hamdi alirekodi sauti ile akaituma upande wa Mandera bila picha, bila maelezo mengi, akauliza tu nani anamjua ngamia wa jina hili.

Kabla ya adhana ya alasiri mwanamke alipiga. Alisema ngamia huyo alikufa yeye akiwa msichana mdogo, na hakuna duniani mtu mwingine anayeweza kulitaja jina lake namna ile. Walikuwa wamemtafuta baba yao siku nyingi, wameanza kumwombea dua ya maiti. Tukamwunganisha na Lafey. Yule kijana akaiweka simu sikioni mwa mzee, na sisi tukasikia yote.

"Aabo?" mwanamke akasema. "Aabo, ni mimi."

Nikadhani mtandao umekatika. Halafu mzee akauliza, kwa sauti ya mwenye mji, kama ngamia wamekwisha kunyweshwa.

"Wamekunywa wote, aabo," akasema binti yake. "Kaa hapohapo, tunakuja kukuchukua."